Nipe Mji: Adabu ya Kujibu Maswali ya Kisa Kirefu

Jioni moja mwaloni Igombe, hapa Ilemela, kijana wa umri wa miaka kama 14 alinisogelea, akasimama pembeni mpaka nilipomaliza kupatana bei ya dagaa, kisha akaniamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Nina swali la One Piece."

Vijana wa mwaloni wanajua kwamba naifuatilia anime hiyo, na mara nyingi maswali yao ni ya kupimana nguvu: fulani akipigana na fulani, nani atashinda? Nilijiandaa kwa swali la namna hiyo. Badala yake aliniuliza hivi: "Kwa nini baba yake Usopp hakurudi nyumbani hata mama alipougua?"

Nilikuwa na haraka, na mwalimu hapendi kuonekana hana jibu mbele ya mwanafunzi. Nikamwambia kwamba baba yule aliandika barua ikapotea baharini, na kwamba jambo hilo litaelezwa mbele ya safari. Kijana akaridhika, akashukuru, akaenda zake. Nami nikabeba dagaa wangu nikaenda zangu, nikijua moyoni kwamba barua hiyo haimo katika kisa. Niliizua pale pale, katikati ya mizani na ndoo.

Makala hii inahusu barua hiyo. Nataka kutetea rai moja mbele yenu, malenga na wapenzi wa lugha: kumjibu anayeuliza habari za kisa ni kazi ya lugha yenye adabu zake, na sisi tunaojidai kuwa walinzi wa Kiswahili hatujaichukua kazi hiyo kwa uzito unaoistahili. Tunajua kusifu ubeti na kusahihisha vina. Lakini mtu akituuliza "kwa nini mhusika alifanya vile?", tunamjibu ovyo, kama nilivyojibu mimi.

Kwa wasioijua, One Piece ni kisa cha mabaharia kilichotungwa na kuchorwa na Eiichiro Oda wa Japani. Kilianza kuchapishwa Julai 1997 katika jarida la kila wiki, na Oktoba 1999 kampuni ya Toei Animation ikaanza kukionyesha katika televisheni. Vitabu vyake vimekwisha kupita 100, na Novemba 2021 anime yake ilifikisha sehemu ya 1,000. Mtoto aliyezaliwa siku kilipoanza sasa ni mtu mzima, pengine naye ana mtoto anayekifuatilia. Kisa chenye urefu huo hakiwezi kukumbukwa chote na mtu mmoja. Ndiyo maana kimezaa maswali mengi, na pamoja na maswali, wajibuji.

Mjibuji wa kwanza ni Oda mwenyewe. Tangu kitabu cha 4 ametenga kurasa, baina ya sura na sura, za kuwajibu wasomaji wanaomwandikia. Safu hiyo hujulikana kwa herufi tatu, SBS, ambazo ni kifupi cha maneno ya Kijapani yenye maana ya kukaribisha maswali. Wasomaji humwuliza kila kitu, kuanzia umri wa wahusika hadi chakula wakipendacho na siku walizozaliwa. Mengine hujibu kwa kina, mengine kwa mzaha, na mengine huyakwepa waziwazi.

Wapenzi wa lugha watafurahi kujua kwamba majibu mengi ya safu hiyo yamesimama juu ya michezo ya maneno. Mhusika Nami amepewa 3 Julai kuwa siku yake ya kuzaliwa kwa kuwa katika Kijapani tarakimu 7 huweza kusomwa "na" na tarakimu 3 husomwa "mi". Kwao jina hilo humaanisha wimbi. Kwetu ni kiunganishi na nafsi ya kwanza, neno ambalo hakuna mshairi wa Kiswahili ambaye hajalitumia kutimiza mizani. Usopp naye amepewa 1 Aprili, siku ya kudanganyana, kwa sababu jina lake limebeba neno "uso", ambalo kwa Kijapani ni uongo. Kwetu uso ni wajihi. Anayejua lugha zote mbili atatabasamu, kwa kuwa Usopp ni mwongo ambaye uso wake, na hasa pua yake ndefu, humtoa kila anapodanganya.

Sasa nije kwenye hoja. Kila jibu kuhusu kisa hutoka katika chimbuko moja kati ya matatu. La kwanza ni jibu la kisani: limo ndani ya kisa, na mjibuji anaweza kukuonyesha mahali pake. La pili ni jibu la mtunzi: halimo ndani ya kisa, lakini mtunzi amelisema pembeni, kwa mfano katika safu ile ya maswali. La tatu ni jibu la dhana: mjibuji analiunda mwenyewe kwa kuunganisha aliyoyaona. Yote matatu ni halali. Kosa ni kutoa la tatu ukalivika kanzu ya la kwanza, na hilo ndilo nililomfanyia yule kijana. Tena langu halikufikia hata kuwa dhana, kwani dhana huanzia kwenye dalili, na mimi sikuwa na dalili yoyote.

Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kutenganisha majibu haya, na hatuutumii. Tuna "imesimuliwa kwamba", "mtunzi anasema", "yaelekea", "nadhani", "huenda", "sina hakika". Haya ni maneno madogo, lakini ni kama alama wanazofunga wavuvi ziwani kuonyesha wavu huu ni wa nani. Ukiziondoa alama, nyavu zote zinafanana na ugomvi unaanza.

Na kwa kuwa nimetaja nyavu, niseme jambo jingine nililojifunza kwa kuwatazama wafumaji wa Kirumba na Igombe. Mashabiki wa visa virefu hupenda kutafuta matundu katika kisa. Wakikuta jambo lisiloelezwa, hupaza sauti kwamba mtunzi amesahau. Lakini wavu wenyewe ni matundu yaliyozungushiwa uzi. Macho ya wavu yakizibwa, hautavua samaki; utavua maji. Mfumaji hutofautisha jicho la wavu na mchano kwa kutazama kingo: jicho lina mafundo pande zote, mchano una nyuzi zinazoning'inia. Kisa nacho ni hivyo. Jambo lisilosemwa ambalo pande zake zimefungwa vizuri ni jicho. Jambo linalopingana na lililokwisha kusemwa ni mchano. Mjibuji mwema huanza kwa kumsaidia mwulizaji kutambua ni lipi kati ya hayo mawili analolishika.

Chukua mfano wa meli yao ya kwanza, Going Merry. Mabaharia hawa wakiwa katika nchi ya mawinguni iitwayo Skypiea, meli iliharibika vibaya. Usiku, ndani ya ukungu, Usopp akaona kiumbe kimeshika nyundo kikiitengeneza. Asubuhi meli ilikuwa imekarabatiwa, tena kwa umbo lake la zamani. Ni nani aliyeitengeneza? Kwa muda mrefu kisa hakikusema. Shabiki asiye na subira angedai kwamba huo ni mchano. Baadaye, katika mkasa wa mji wa mafundi wa meli, Water 7, fundi Franky anaeleza kwamba meli inayopendwa sana na mabaharia wake hupata roho, na roho hiyo huweza kujidhihirisha. Ilikuwa ni meli yenyewe iliyojitengeneza ili iwafikishe mbele kidogo. Lile tundu lilikuwa jicho, na samaki mkubwa alipita humo.

Sasa fikiri kijana ameona tukio la usiku ule leo, akaja kukuuliza. Unalijua jibu, lina ushahidi kamili, nawe ni mkweli. Je, umjibu? Hapa ukweli peke yake hautoshi, na hapa ndipo mila yetu inapotufundisha jambo ambalo wajibuji wengi duniani wanalitafuta bila kulipata.

Tulipokuwa watoto tulikaa jioni tukategeana vitendawili. Mmoja huita, "Kitendawili!" Wengine hujibu, "Tega!" Akitega, watu hujaribu kutegua, hukosea, hucheka, hujaribu tena. Wakishindwa kabisa, mtegaji hakurupuki kutoa jibu. Husema, "Nipeni mji." Hupewa mji, akiukataa hupewa mwingine, na akiukubali huutembelea kwa maneno, hujisifu jinsi alivyopokewa huko, ndipo hutegua. Nimepewa Mwanza mara nyingi na vitongoji vyake vyote. Kwa muda mrefu niliona huo ni utani wa kuongeza nderemo. Sasa naamini ni sheria. Mji ni malipo ya kukubali kushindwa: mwulizaji anatamka waziwazi kwamba amejaribu, amechoka, na yuko tayari kupoteza raha ya kutafuta. Mpaka atamke hivyo, mwenye jibu hana haki ya kumpora raha hiyo.

Kufichua kisa kabla ya wakati kunalalamikiwa kila mahali, na vijana wetu hulitaja jambo hili kwa neno la kuazima. Hatulihitaji. Tunacho kitenzi "kutegua", kinachofaa kwa kitendawili na kwa mtego. Aliyetegua kabla ya kupewa mji ametegua mtego kabla mnyama hajafika. Napendekeza tuseme hivyo: "Usinitegulie." Ni neno fupi, lina mnyambuliko uliokamilika, na kila aliyekulia kwenye vitendawili atalielewa bila kamusi. Na mtu akija na swali la meli ile, mjibu kwanza kwa kumwuliza: "Umefika wapi? Unataka nikutegulie, au nikuonyeshe pa kutazama?" Akisema mtegulie, amekwisha kukupa mji.

Nakutana na wanaopinga, na upinzani wao una sura mbili. Wa kwanza husema kwamba hizi ni katuni za watoto, na jukwaa la ushairi halipaswi kupoteza wino kwazo. Kwao nina jibu la historia. Kuulizana na kujibizana kwa lugha ya sanaa ni uti wa mgongo wa fasihi yetu. Katika Mombasa ya karne ya 19, Muyaka bin Haji alitunga mashairi ya kujibizana na washairi wenzake juu ya siasa na maisha. Jarida la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa uwanja ambao mshairi wa mji mmoja aliweza kuuliza na mshairi wa mji mwingine akajibu. Mathias Mnyampala alipoieneza ngonjera, aliuweka ufundi huo jukwaani: mmoja haelewi na anauliza, mwingine anafafanua, na hadhira inajifunza kutokana na mvutano wao. Mtoto anayemwuliza mwalimu wake kwa nini mhusika hakurudi nyumbani ameianza ngonjera bila kujua. Aibu ni ya anayeshindwa kuijibu.

Tena si mara ya kwanza kwa Waswahili kukipokea kisa cha kigeni na kukifafanua. Wengi wetu tuliziona filamu za nje kwenye vibanda umiza zikisimuliwa kwa Kiswahili. Jijini Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliifanya kazi hiyo kuwa sanaa. Kenya yuko DJ Afro, na Uganda kuna kundi kubwa la wasimulizi wa aina hiyo kwa Kiganda. Msimulizi wa kibandani hufasiri, hueleza, hutania, na huongeza chumvi anapoona inafaa. Wapo watakaosema: ikiwa yeye anaongeza, kwa nini mimi nikatazwe kuzua barua moja? Kwa sababu hadhira ya kibandani inajua inachokinunua. Inasikia sauti mbili, ya filamu na ya msimulizi, na inafurahia pengo lililo baina yao. Mwenye kuuliza swali amenyamazisha sauti zote akaisikiliza yako peke yake. Hana namna ya kupima chumvi uliyoitia.

Upinzani wa pili ni wa kisomi zaidi. Hawa husema: mtunzi yupo hai na anajibu, kwa hiyo tumwachie yeye, alilosema ndilo. Naheshimu rai hiyo, lakini siikubali yote. Nitatoa mfano unaotuhusu. Msomaji mmoja alimwuliza Oda: kama wahusika wake wangekuwa watu wa dunia hii, wangetoka nchi zipi? Akajibu: Luffy Brazili, Zoro Japani, Nami Uswidi, Sanji Ufaransa, na wengine vivyo hivyo. Usopp akampa Afrika.

Wenzake wamepewa nchi. Yeye amepewa bara zima. Nilipolisoma jibu hilo nilicheka kwanza, kisha kicheko kikanikauka. Simlaumu mtunzi kwa nia mbaya. Safu ile ni ya mchezo, na swali lilikuwa la mchezo. Ila jibu hilo ni la mtunzi, halimo kisani, na nina haki ya kulipima. Nikilipima naliona halijakamilika. Nami nikiulizwa Usopp ni wa wapi, nitasema mtunzi amesema Afrika, kisha nitaongeza, kwa alama ya dhana iliyo wazi, kwamba mimi namwona ni mtu wa mwalo: mtoto aliyekulia ufukweni, fundi wa kuunda vitu kwa mikono, mwoga anayejipa moyo kwa maneno, na mwongo ambaye uongo wake una kazi. Anamsimulia msichana mgonjwa, Kaya, visa vya ajabu ili acheke. Kimoja ni cha samaki wa dhahabu mkubwa kupita kiasi. Baadaye, wanapoondoka kwenye kisiwa cha majitu, mabaharia hawa wanakutana na samaki wa dhahabu mkubwa kupita kiasi. Je, Oda alipanga tangu mwanzo? Ninachoweza kukuonyesha ni matukio mawili na umbali uliopo baina yake. Nia ya mtunzi siwezi kukuonyesha, na nikidai naijua nitakuwa nazua barua ya pili.

Isitoshe, si kila mtunzi hupata muda wa kuulizwa. Ng'ambo ya maji haya tunayoyatazama kuna Ukerewe, na Ukerewe imetupa waandishi wawili ambao kila mjibuji wa maswali angepaswa kuwakumbuka. Aniceti Kitereza alikamilisha mwaka 1945 riwaya kubwa kwa Kikerewe, juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka. Hakupata wa kuichapa. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ilichapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Miaka 35 ya kungoja, na baada yake hakuna safu ya maswali, hakuna msomaji aliyemwandikia kutaka kujua wahusika wake walizaliwa siku gani. Kila tunaloulizwa leo juu ya ndoa ile, juu ya wakwe waliomchukua binti yao kwa sababu hajazaa na pombe ya ndizi aliyotakiwa mume kuipeleka, sharti tulijibu kutoka kisani. Hatuna pengine pa kukimbilia.

Euphrase Kezilahabi, naye mtoto wa Ukerewe, aliyefariki mwaka 2020, alituachia Nagona na Mzingile, riwaya fupi zilizojaa mafumbo ambayo wasomi bado wanayabishania. Tunaposema kwamba mtunzi akinyamaza kisa kimekufa, tunawanyima waandishi hawa wawili haki yao. Na tunapowazoeza vijana kwamba jibu la kweli ni lile tu alilolitamka mtunzi, tunawaondolea nyenzo watakazozihitaji siku watakapofungua vitabu vya watu wasioweza tena kuulizwa. Kijana aliyejifunza kutafuta ushahidi wa meli ya Going Merry amejifunza namna ya kumsoma Kitereza. Anachokosa ni mtu wa kumwambia hivyo.

Hili ndilo ninaloliogopa hasa. Vijana wetu wanabishana juu ya visa hivi kila siku, kwa ufundi na kumbukumbu ya kushangaza. Lakini hoja inapofika mahali pembamba, pale pa kusema "mtunzi alidokeza lakini hakuthibitisha", huiacha lugha yao na kurukia Kiingereza cha kuokoteza. Wanafanya hivyo kwa sababu hawajawahi kumsikia mtu mzima akibishana hivyo kwa Kiswahili. Lugha haipungukiwi na maneno. Inapungukiwa na watu wanaokaa chini na mtoto wa mwaloni, wakamjibu kwa uangalifu ule ule ambao wangetumia kumjibu mhariri wa diwani.

Nimejitungia ubeti mmoja wa kujikumbusha, nami nauweka hapa si kwa kujisifu, maana ufundi wake ni wa kawaida:

Aulizaye swalile, mjibu kwa ulojuwa,
Usiongeze la mbele, maneno ukayazuwa,
Fumbo liache lilale, saa yake itakuwa,
Mji kwanza nipe ule, ndipo litafumbuliwa.

Nirudi Igombe. Majuma kadhaa yalipita kabla sijakutana na yule kijana tena. Safari hii alikuwa anaanua dagaa kwenye vichanja. Aliniamkia, akaniambia kwamba ameitafuta ile sehemu ya barua na hajaiona. Alikuwa amejaza kadi ya simu yake mara tatu kwa mtu anayeuza filamu, kila mara akitaja barua, na kila mara anapewa sehemu zisizo na barua. Kisha, akiwa ameinamia kichanja, akasema jambo ambalo ningetaka nilijue siku ile ya kwanza: kwamba baba yake alikwenda kuvua visiwani akiwa yeye bado mdogo, na kwamba hata wao hawajapata barua wala simu, lakini pengine ilipotea.

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Nilimwambia kwamba hakuna barua. Nilimwambia kwamba niliizua kwa kuwa sikukumbuka na niliona haya kusema sikukumbuka, na kwamba nilikosa. Hakukasirika; ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alinyamaza muda, kisha akauliza swali ambalo mjibuji yeyote wa kisa hiki angejivunia kuulizwa: "Sasa Usopp alijuaje kwamba baba yake anamkumbuka?"

Safari hii nilimwomba muda. Nilirudi nyumbani nikaitazama tena ile sehemu ya mwanzo, ya kijiji cha Syrup, ambayo yeye hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kipande kifupi tu kilichozunguka kwenye simu za vijana: mama kitandani, na mtoto akimpigia kelele kwamba meli imefika, ili mama apate nguvu. Jibu lilikuwamo katika mkasa huo huo wa kijiji. Luffy anapofika kijijini na kukutana na Usopp anamtambua kuwa mwana wa Yasopp, kwa sababu alipokuwa mdogo Yasopp alikuwa akimsimulia habari za mwanawe tena na tena, mpaka akachoka kuzisikia. Hakuna barua. Yupo shahidi. Mtu aliyetoka mbali anamwambia mtoto: nimemsikia baba yako akikutaja.

Kesho yake nilimpelekea kijana sehemu hiyo kamili, bila kumtegulia, nikamwambia tu pa kutazama. Sikumwambia kwamba na baba yake yuko hivyo, kwa kuwa silijui hilo, na kisa cha Usopp hakiwezi kulithibitisha. Aliitazama akiwa amesimama, ameukinga mwanga wa jua kwa kiganja. Ilipokwisha akairudisha nyuma, akaitazama tena.

Swali lake la kwanza, kwa nini baba hakurudi, bado lipo. Kisa kinaonyesha kwamba Yasopp aliitikia wito wa bahari, na kwamba mkewe na mwanawe walimwonea fahari. Kama hilo linatosha kumwacha mgonjwa kitandani, kisa hakisemi. Nimemwambia hivyo. Bado tunabishana, kila ninapokwenda kununua dagaa, na mpaka sasa hajanipa mji.